Mtangazaji wa Mpira Alipoalikwa Azaiba

Ijumaa ile ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alimpigia mama simu akamwomba apike sombe na ndagaa. "Nna mgeni, shemeji," alimwambia. "Waziri kutoka kule kwetu. Wali na nyama vimemchosha, anataka chakula cha nyumbani."

Mama alifurahi. Hapa Maskati ni wachache wanaomwomba chakula cha mji wetu wa ziwani, mashariki ya Kongo, ambako babu alifungua duka la nguo na sisi sote tukazaliwa. Majani ya muhogo ya ile sombe aliyatwanga mwenyewe, mashine akaikataa. Nikapakia masufuria garini, nikavuka milima kutoka kwetu Amerat mpaka kwa ami, Azaiba.

Nilipoingia uani kwa ami, nilisikia sauti ikitoka kwenye majlis, sebule ya wageni wanaume. Ilikuwa ikikwaruza kidogo kwa umri, lakini ilikuwa ni ileile.

Nilipokuwa mtoto, mwenye sauti hiyo alikuwa mtangazaji wa mpira katika redio ya mji wetu. Jumapili mji mzima ulinyamaza kumsikiliza. Alilivuta jina la mfungaji mpaka pumzi zikamwishia. Kaka yangu alikuwa kipa, na alimwiga akila, akioga, akifagia duka. Siku moja mtangazaji alimsifu hewani, akamwita "mikono ya gundi". Wiki nzima kaka alikuwa hashikiki.

Vita vilipoanza, mtangazaji alitoweka, akarudi na waasi. Kwanza alikuwa msemaji wao, maana walihitaji mtu mwenye ulimi. Mkubwa wake alipouawa, na watu wakanong'onezana ni nani aliyemuua, akawa kamanda. Walipouteka mji akawa yeye ndiye serikali: akalala katika kitanda cha gavana, akatoza ushuru kila gunia lililovuka daraja, akajiita jenerali. Redio hakuiacha.

Asubuhi moja alitangaza kwamba vijana wote waliojificha waende uwanja wa mpira wakapewe vitambulisho. Hapana atakayeguswa, alisema. Baba akakataza mtu kutoka.

"Baba, huyu namjua," kaka alisema. "Huyu ni wetu."

Akafunga kamba za viatu, akaenda. Milango ya uwanja ilifungwa, na milio ya risasi tuliisikia tukiwa sebuleni. Maiti hatukupewa. Baba alikwenda kuiomba, akapigwa kitako cha bunduki, akarudi na bega lililovunjika.

Baada ya hapo sisi tulihamia Maskati, na yule mtangazaji wakubwa wa dunia walimkalisha katika hoteli nzuri, wakampa kalamu atie sahihi amani. Akapewa wizara, kama mbwa mkali anavyotupiwa mfupa asiume. Sasa alikuwa Maskati kutafuta wawekezaji wa madini.

Masufuria niliyaacha uani, nikaingia majlis bila kubisha hodi. Alikuwa ameegemea mto, kavaa kanzu mpya ya Kiomani, na ami anammiminia kahawa.

"Mheshimiwa," nilisema, "unamkumbuka kipa?"

Akatabasamu. "Dada, makipa walikuwa wengi."

"Yule uliyemwita mikono ya gundi. Ukamwita tena, aje uwanjani achukue kitambulisho."

Tabasamu likamkauka. "Ile wakati ilikuwa ya vita, dada yangu. Vita haina macho. Hata mimi nilipoteza watu."

"Vita havikusema redioni. Uliyesema ni wewe."

Ami akasimama. "Binti yangu, huyu ni mgeni! Unanitia aibu!"

"Ami, ulimjua ni nani?"

Akaliangalia birika la kahawa. "Hayo ni ya zamani. Leo tunazungumza biashara."

Basi alijua. Alijua, na bado akampigia simu mama wa yule kijana ampikie muuaji.

Mgeni akainua mkono, mpole kama shekhe. "Mwache aseme, mzee. Wanawake wana uchungu. Mimi nimeshasamehe wote."

Yeye ndiye aliyesamehe! Sikumbuki yote niliyomwambia baada ya hapo. Nakumbuka nilipiga kelele mpaka wapishi wakachungulia, kisha nikayarudisha masufuria garini yakiwa bado ya moto.

Mama alikuwa jikoni akinisubiri. "Wamekipenda?"

Nikamweleza kila kitu. Hakulia. Akauliza tu, "Amenenepa?"

"Ndiyo, mama."

Akachukua simu, akampigia ami. "Shemeji," alisema, "ukifa, sitakaa matanga yako." Akakata.

Mkataba wao ulitiwa sahihi. Ami alituma picha kwenye kundi la simu la ukoo, yeye na waziri wameshikana mikono, na jamaa zangu, watu waliomjua kaka, wakamwekea maua na dua. Nikajitoa kwenye kundi. Wengine hunifuata wakaniambia Uislamu ni kusamehe. Nawauliza: yeye ameomba msamaha lini? Amemwomba nani?

Sikukuu ya Idi ami alikuja Amerat na bakuli la halua. Mama alimwona kupitia dirisha, akarudi kitini pake. Kengele ya mlango ikalia, ikalia tena. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka mlangoni, na sikufungua.