Nani Alimwita Mzee wa Pembe

Mishipa yangu ilianza kuharibika nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Kwanza vilitokea vistari vyembamba vya zambarau nyuma ya magoti, kama wino uliovuja kwenye daftari. Baadaye mguu wa kushoto ukaota mshipa mnene, umejipinda kutoka pajani hadi kwenye kifundo, na ikifika jioni mguu wenyewe ulikuwa mzito utadhani nimeuazima kwa mtu mwingine. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Nyawera, na mwalimu wa miaka ile ya Zaïre alisimama tangu nyimbo za chama asubuhi hadi kengele ya mwisho. Kisha nilipanda mlima kurudi nyumbani Kadutu. Anayeijua ile njia ataelewa.

Niliificha miguu kwa kikwembe kirefu, kitenge cha kujifunga kiunoni. Mume wangu hakuwahi kuisema vibaya, ila aliacha kwenda nami kwenye sherehe za kazini kwake. Yeye alikuwa mtu wa ofisi, abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka mikono, mtu wa kuwaita watu "citoyen" na "citoyenne" kama serikali ilivyoagiza, mtu wa kucheka waganga na wateja wao. Daktari aliponiambia kwamba ule mshipa hautapona mpaka utolewe kwa kisu, mume wangu alijibu, "Tutaona." Tutaona yake ilidumu miezi minane.

Siku moja ya likizo, mume akiwa kazini, wifi yangu aliingia uani akifuatana na mzee mwenye mfuko wa ngozi. Wifi yangu huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mfanyabiashara wa vikwembe, mwanamke wa viatu virefu na sauti ya kuamuru. Mzee alitoka Nyangezi. Ndani ya mfuko mlikuwa na pembe za ng'ombe na wembe. Alikuwa wa wale wanaochanja ngozi kidogo, wanaweka pembe juu, wananyonya damu.

"Mulamu, iyo ni damu mubaya," wifi aliniambia, akiniita wifi kwa lugha ya kwao. "Inajikusanya mu muguu. Huyu muzee ataitosha yote inje, utatembea kama mutoto."

"Maman, docteur alisema basiguse."

"Docteur anajuwa miguu ya bazungu."

Ningekataa. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote. Lakini nilikuwa nimechoka na mguu ule, na katika ukoo wao mke hamfukuzi dada mkubwa wa mume mbele ya mgeni. Nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha mguu. Yule mzee, Mungu amsamehe, mimi siwezi, alitafuta mahali palipovimba zaidi, karibu na kifundo, akachanja palepale juu ya mshipa.

Damu haikusubiri pembe. Iliruka. Ilimpiga mzee kifuani, ikalowesha kigoda, ikatiririka hadi kwenye mlango wa jikoni, na mimi nimekaa naitazama kama ya mtu mwingine. Wifi alipiga kelele. Mzee alikusanya pembe zake akaondoka, na hajaonekana Kadutu tangu siku ile. Aliyeniokoa ni jirani, mkunga mstaafu, aliyeruka ua wa miti na kanga mkononi.

"Lala chini! Lala!" alinifokea. "Muguu juu! Juu zaidi! Weye, maman, shika hapa, finya, usiachilie!"

Wifi alifinya. Nilipofika hospitali nilikuwa mweupe midomo, lakini damu ilikuwa imesimama.

Kesho yake mume wangu alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, abakosti imefungwa hadi kooni, mbele ya muuguzi na wagonjwa kumi na wawili.

"Weye mwalimu muzima, unaita muzee wa pembe nyuma yangu?"

Nilimwambia ni dada yake aliyemleta. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikia mtoto akisema uongo.

"Yaya amesema alimukuta tayari mu parcelle, ndani ya uwa yetu. Unataka nigombane na yaya, dada yangu mukubwa?"

Muuguzi alinitazama kwa dharau. Siku ya tatu habari ilikuwa imefika shuleni: mwalimu anayefundisha usafi amejichanja kwa wembe wa mganga. Mkurugenzi wa shule alituma mtu kuniuliza kama ni kweli. Nilikuwa karibu kufa, na sasa nilikuwa mjinga pia, na nafasi yangu darasani ilikuwa mashakani. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na mbele ya macho yangu nilimwona wifi na viatu vyake virefu. Niliapa kwa msalaba uliokuwa ukutani kwamba atakiri kwa kinywa chake.

Daktari alipanga kunipasua nikishapata damu ya kutosha. Hapo ndipo bahati iliponiangukia. Hospitali zetu hazipiki wala hazifui. Kila mgonjwa huwa na garde-malade wake, ndugu anayelala mkekani chini ya kitanda, anayepika, anayefua, anayemwaga. Baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliniuliza namtaka nani. Dada zangu wawili walikuwa tayari.

"Nataka wifi yangu," nilisema.

Baba mdogo alifurahi, akadhani ni upendo. Wifi alifunga duka lake wiki tatu.

Walinichoma sindano mgongoni, wakafunga mshipa kwenye kinena, wakauvuta wote kwa waya kupitia tundu dogo kifundoni. Nilisikia ukivutwa lakini sikusikia uchungu. Uchungu ulikuja baadaye. Mguu ulikuwa mweusi, kisha kijani, kisha manjano, na ulifungwa bendeji kutoka vidoleni hadi pajani. Miguu ya kitanda upande wa chini iliwekwa juu ya matofali. Daktari aliamuru nitembee kila siku, mara nyingi kidogo kidogo, nisisimame mahali pamoja, na bendeji ifunguliwe na kufungwa upya asubuhi na jioni, ikaze zaidi chini, ilegee kadiri inavyopanda.

Nani wa kuifunga? Garde-malade.

Nakiri kwamba sijawahi kufurahi hivyo. "Maman, imelegea, fungua." Alifungua. "Maman, sasa imekaza mno, fungua." Alifungua. Bendeji zilikuwa nne, za kufuliwa kila siku, na maji ya kuchemshia aliyabeba kutoka kwenye bomba la chini. Nilitamani sombe, majani ya mihogo, ya kutwanga, si ya kununua. Nilitamani sambaza, wale dagaa wa ziwani, tena wabichi. Bugali ukiwa laini niliurudisha, ukiwa mgumu niliurudisha. Beseni la mkojo nililiomba wakati wa wageni, wanawake wa parokia wakiwa wamekaa, ili wamwone mama wa vikwembe akilibeba mbele yao peku, kwa maana viatu virefu vilimshinda siku ya pili.

Hakulalamika, na ukimya wake ulinichoma kuliko kidonda. Kila jioni, mikono yake ikiuzungusha mguu wangu, nilimuuliza polepole:

"Maman, nani aliita ule muzee?"

Alikuwa akifungua mdomo, kisha anafunga fundo la bendeji.

"Lala, mulamu. Docteur amesema ulale."

Na jambo la kuudhi zaidi: alijua kufunga. Baada ya wiki moja alifunga vizuri kuliko muuguzi. Wagonjwa wengine walimwita, "Maman, na mimi," na alienda, akapiga magoti, akafunga miguu isiyomhusu. Daktari alipopita aliusifu mguu wangu, akamwambia, "Kazi nzuri, maman," na mimi niliyelala pale nilitamani kuuma mto. Nilimleta aaibike, akapata sifa.

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu yangu. Upande wa ndani wa kifundo ulikuwa na ganzi, na una ganzi hadi leo, lakini uzito ulikuwa umekwisha. Mwezi mmoja baadaye, Jumapili baada ya misa, ukoo ulikusanyika kwetu kwa shukrani. Mgonjwa aliyepona humshukuru garde-malade mbele ya wakubwa: anampa kuku na kikwembe kipya. Na kwa ukoo ule, kikwembe kikishapokelewa, kesi zote zilizotokana na ugonjwa ule zimefungwa. Hakuna anayeruhusiwa kuzifufua. Nilijua hivyo, na nilikuwa nimeingojea siku ile kuliko nilivyongoja kupona.

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilimiminwa. Nilisimama na kikwembe mikononi, wifi akapiga goti mbele yangu kupokea. Sikukiachia.

"Baba," nilimwambia mkubwa wa ukoo, "mbele nimupatie, kwanza aseme hapa nani aliita ule muzee wa pembe."

Mume wangu alicheka kidogo, akasema, "Maneno ya wanawake, tuendelee." Hakuna aliyeendelea.

"Ni miye njo nilimuleta," wifi alisema.

Nilisikia joto likipanda kifuani, tamu kama asali. Shangazi zao waliguna. Mkunga jirani, aliyealikwa kwa heshima, alipiga makofi mara moja. Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa mwanamke mwenye furaha. Lakini wifi alikuwa hajanyanyuka. Alimgeukia mume wangu.

"Mudogo wangu, nimechoka. Weye njo ulinituma. Ulisema hôpital inakawia, batu ya bureau batacheka bibi yako analazwa sababu ya miguu. Ukanipatia weye mwenyewe wembe mupya ya kupatia muzee. Na damu ilipotoka, ukasema niseme nilimukuta tayari."

Mume wangu alishika kola ya abakosti yake.

"Nilitaka apone mbio," alisema.

Ndivyo tu. Nilimkumbuka akiwa miguuni pa kitanda changu, anatikisa kichwa mbele ya wagonjwa kumi na wawili, anauza akili yangu ili anunue jina lake. Na mimi wiki tatu nzima nilimbebesha mtu mwingine beseni.

"Kikwembe iko mu mikono yako, binti yangu," mkubwa wa ukoo alisema. "Ukimupatia, maneno imeisha. Kwa bote."

Alisema "kwa bote" akimtazama mume wangu, na mume wangu alipumua. Nilielewa. Nikikizuia, nitamshitaki, na atajibu mbele ya ukoo. Nikikitoa, amepona. Wifi alikuwa bado ameinama, viganja wazi, vimekauka kwa sabuni ya kufulia bendeji zangu. Alinyamaza kwa ajili ya ndugu yake, akanitumikia kwa ajili ya kosa lake, na hakuniomba chochote.

Nikampa. Wanawake walipiga vigelegele. Jumatatu nilirudi darasani, na mkurugenzi alikuwa ameshaelezwa na wifi mwenyewe, aliyeshuka hadi Nyawera kwa miguu ili amwambie kwamba ni yeye aliyemleta yule mzee. Sikumuomba afanye hivyo.

Ukoo ulifunga kesi. Mimi sikuifunga. Nilimpikia mume wangu miaka mingi, nikamfulia, nikamzalia mtoto wa nne, na hakuna mtu aliyesikia neno baya kinywani mwangu. Ugonjwa wake wa mwisho ulipomlaza, mimi ndiye nilikuwa garde-malade wake. Mchana mmoja aliniuliza kama bado nina kinyongo juu ya ile pembe. Nilimwambia ndiyo, ninacho chote. Kisha nikamgeuza upande wa pili, asipate vidonda vya kulala.