Sahani za Dola Moja

Duka lenyewe liko karibu na soko, hapa kwetu Kenya, si ile nchi bali mtaa, komini yenye kelele kuliko zote za Lubumbashi. Mlangoni wameandika kwa herufi kubwa kwamba kila kitu ni dola moja. Siku ya kwanza niliingia na noti yangu ya dola moja, safi, haina hata mkunjo, nikachagua kichungi cha chai na kumpelekea binti wa kaunta. Akaiangalia ile noti kana kwamba nimempa jani la muhogo.

"Mama, dola moja hatupokeake. Leta franka."

"Sasa juu ya nini munaandika dola moja ku mulango?"

"Ile ni bei tu, mama."

Nilitaka kugomba, maana kugomba nakuweza. Nikajaribu basi kuomba apunguze, nikaambiwa pale bei haiteremki. Nyongeza nayo hakuna. Sokoni ukinunua fungu la nyanya, muuzaji anakuongezea moja ili kesho urudi kwake, na mnaulizana habari za watoto. Pale unapewa mfuko na binti anamtazama mtu wa nyuma yako. Nililipa kwa franka, nikatoka nimenuna. Wiki iliyofuata nilirudi.

Mume wangu hakulipenda duka lile hata kidogo. Alifanya kazi reli miaka mingi, na kila kitu kikiingia nyumbani lazima akipime kwa mkono kwanza, akirushe kidogo na kukidaka.

"Kitu ya dola moja iko na akili ya dola moja," alisema.

Nisimnyime haki yake, mara nyingi alisema kweli. Kichungi kilitoka mpini wiki ile ile. Mwavuli uligeuka ndani nje kwa mvua ya kwanza, mbele ya kanisa, kwaya nzima ikitazama. Mwiko wa plastiki ndio ulionitia aibu kabisa: niliposonga nao bukari, ugali wetu wa huku, ulilegea ukajikunja ndani ya sufuria, na mume wangu akakaa anakula huku anacheka peke yake. Lakini vibanio vya nguo ninavyo mpaka leo, na mikasi pia. Nikiulizwa kama inafaa kununua pale, sibishani. Naeleza siku wakwe walipokuja kwa jirani yangu.

Jirani huyu ni mjane, mdogo wangu kwa umri, ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Anauza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, na kwa munkoyo huo amemlea binti mmoja mpaka akamaliza chuo kikuu huko Kasapa. Huko huko binti alikutana na kijana wa watu wa Kasai, familia ya wafanyabiashara wenye duka la vitambaa mjini, na siku ikapangwa wazee wa kijana waje kuleta mahari. Jirani alitafuta vyombo vya kukodi, kama watu wote wanavyofanya siku hizi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ijumaa asubuhi mwenye vyombo akapiga simu kwamba sahani zimekwenda kwenye arusi nyingine, kubwa zaidi.

Jirani alinikuta jikoni ninachambua sombe, majani ya muhogo. Akakaa kwenye kigoda, akalia bila kujificha.

"Yaya, bakwe batakulia mu nini? Mu bibakuli ya plastiki? Batasema mutoto wangu walimuokota mu nyumba ya kimasikini. Batamuchekelea mpaka atazeeka."

Hilo ndilo alilokuwa akiogopa tangu posa ilipokuja, na mimi nilijua. Hakuogopa njaa wala kazi. Aliogopa siku moja binti yake akosee jambo dogo, mtu wa kule aseme, tulijua tu alikotoka.

Basi nikanyanyua macho, nikaona sahani zangu kwenye kabati. Nyeupe, ukingo wa kijani, ua moja la zambarau katikati. Nilizinunua kwenye duka lile lile, tatu kwa bei ya kitu kimoja. Nilikuwa wa kwanza kuzileta katika avenyu yetu, na kila aliyekula kwangu aliuliza zimetoka wapi, naye akaenda kununua. Mvua zilipokwisha, avenyu nzima ilikuwa inakula kwenye ua moja la zambarau. Ilikuwa adhabu. Ukipeleka sahani kwenye kilio au komunyo ya mtoto wa mtu, zinarudi za jirani na zako zinabaki kwa mwingine, na kwa jambo hilo tulikwisha kununiana mara kadhaa. Mwishowe kila nyumba ikatia alama chini ya sahani zake kwa rangi ya kucha. Yangu ilikuwa msalaba mwekundu, na ole wake aliyechukua sahani yenye msalaba mwekundu.

"Futa machozi," nilimwambia. "Sahani iko."

Tulipita mlango kwa mlango. Hakuna aliyekataa, ingawa mama wa kona alitoa zake huku ananihesabia kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye mwizi wa avenyu. Mume wangu ndiye aliyesukuma mkokoteni. Alisukuma polepole sana, ananung'unika kuhusu akili ya dola moja, lakini niliona ametandika blanketi yake mwenyewe chini ya sahani zisigongane.

Jumamosi wakwe walikuja wengi, wamevaa kitambaa kimoja. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, wa kuangalia bila kugeuza shingo. Chakula kikatolewa: bukari, mbuzi, kuku, samaki, sombe iliyotiwa karanga. Na kila mgeni, tangu mzee wa kwanza mpaka mtoto wa mwisho, akashika sahani nyeupe yenye ua la zambarau. Nilisimama mlangoni nikaziangalia zote pamoja, nikajisikia vizuri mpaka nikasahau kula. Nilisikia mjomba mmoja wa kijana akimnong'oneza mwenzake kwamba nyumba hii iko na vyombo.

Mambo yakaenda sawa. Mahari ikapokelewa, wazee wakaanza kuimba, na sisi wanawake tukarudi uani kuosha. Kila sahani iliyooshwa tuliigeuza, tukasoma alama na kuiweka kwenye fungu la mwenyewe: msalaba mwekundu huku, doti ya buluu kule, mstari mweusi pale. Hatukumsikia mama wa kijana alipokuja kutushukuru. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama juu yetu, ameshika sahani, ameigeuza.

Akachukua ya pili. Akaigeuza nayo.

"Hii masahani ni ya nani?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, uongo mzuri. Jirani yangu akanitangulia. Alikuwa amechuchumaa, ameweka mikono yenye povu mapajani, juu ya nguo yake mpya.

"Ni ya avenue muzima, mama. Yangu ni ile kidogo ya doti ya buluu. Ya kukodi ilitukosa jana, na sikutaka mutuone vibaya."

Mama yule alivuta kigoda akakaa katikati ya maji na majivu. Chini ya sahani moja kulikuwa bado na karatasi ya bei, akaikwangua kwa ukucha.

"Mi pia niko nayo ku nyumba," alisema. "Hii hii. Bantu bakiniuliza, nasemaka ilitoka Dubai."

Nilicheka kabla sijajizuia. Yeye alitabasamu kidogo tu, akaendelea kuangalia yale mafungu.

"Wakati bwana yangu alikufa, nilikodi yote. Biti ya kukalia, masahani, mpaka bamama ba kupika. Kwetu kila muntu iko mu lupango yake, nyuma ya ukuta na mulango ya chuma. Jirani wangu alijua kama kuko kilio juu ya kuona biti inapita."

Jirani yangu alikuwa bado anamtazama usoni, anasubiri hukumu. Mama yule akaiweka sahani juu ya fungu lenye doti ya buluu, mahali pake hasa, akapangusa vidole.

"Mama," alimwambia, "mu hii avenue yenu kuko nyumba ya kukodisha? Napenda hii batoto betu baanzie maisha huku."

Jirani yangu akakaa chini pale pale kwenye majivu, na nguo yake mpya.