Chai Iliyosubiri Magharibi

Jumatatu ile mkuu wa shule alinisimamisha kwenye korido, akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, maktaba yako naona inakaa tupu tu. Mahindi ya wanafunzi yanalowa kule stoo, bati linavuja. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nakuja kuangalia. Nikikuta hakuna watu, magunia yanaingia."

Mimi hasira zangu ziko karibu, Mugumu nzima inajua. Lakini nilikuwa nimefunga, Ramadhani ndiyo kwanza ina siku tano, nikameza maneno. Miaka mitatu nimehangaikia kile chumba! Nimeomba vitabu kwa ninaowajua na nisiowajua, nimeyapakia maboksi kwenye bodaboda kutoka stendi, rafu nimezipaka rangi mwenyewe. Leo kilale mahindi? Thubutu!

Tatizo nililijua. Ilikuwa masika, jioni kuna baridi ya kuuma, na wanafunzi wa bweni wakitoka darasani walikuwa wanakwenda kujibanza jikoni kuota moto. Nikajisemea, basi joto nitalihamishia kwenye vitabu. Jumanne nikaweka meza karibu na mlango wa maktaba: chupa tatu kubwa za chai ya maziwa yenye tangawizi, vikombe vya plastiki, sukari waliyochanga walimu wenzangu. Juu yake kipande cha boksi nimeandika: KARIBU CHAI, JIHUDUMIE. Nikakaa kwenye kiti changu moyo unanidunda kama bibi harusi.

Wakaja. "Shikamoo madam." Wakasoma lile boksi, wakanusa, wakatazamana, wakatoka. Hata mmoja hakugusa kikombe!

Jumatano vilevile. Nikamuuliza binti mmoja wa kidato cha nne, ambaye peke yake alikuwa haikosi maktaba, "Mbona hunywi?"

"Nimeshiba, madam."

Ameshiba! Makande ya saa saba, saa kumi na moja ameshiba! Baadaye nikasikia yanayosemwa bwenini: chai ya madam ina dawa ya minyoo. Wengine wakasema hapana, ni mafuta ya taa. Jamani, niliumia. Nikabeba chupa zangu mpaka nyumbani, nikafuturu kwa ile chai huku nalia na kuwasema peke yangu.

Alhamisi asubuhi alikuja mama anayeniletea maziwa, Mkurya wa Machochwe, mtu wa utani. Nikamweleza yote. Akatua ndoo yake chini, akanitazama.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umeinywa mbele yao?"

"Nitainywaje na nimefunga?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo maana! Umepika, umeweka mezani, umekaa kando unawatazama na wewe hunywi! Hata mimi ningekimbia. Huku mwenye kitu ndiye anaanza. Baba yangu akiwa na pombe anavuta yeye kwanza, wageni wanaona, ndipo wanashika mirija. Halafu eti wajimiminie wenyewe, waonekane wana tamaa? Wamiminie!"

Kwetu Kondoa mwezi wa mfungo jirani akikupikia huku mwenyewe amefunga, unamwombea dua. Huku nilikuwa nimekaa siku mbili nafanana na mchawi!

Ijumaa paredi nikaomba nafasi, nikasimama mbele ya shule nzima. "Nimesikia chai yangu ina dawa ya minyoo." Wakaangua kicheko. "Sinywi kwa sababu nimefunga. Leo ikiadhiniwa magharibi nitakunywa mbele ya macho yenu, kutoka chupa yoyote mtakayochagua ninyi. Anayetaka kuniona nikianguka, aje." Makofi na miluzi, mpaka mwalimu wa zamu akapiga filimbi.

Heh, walikuja! Saa kumi na moja na nusu viti vimekwisha, wengine wamekaa sakafuni. Sasa kukaa bure kunachosha. Mmoja akavuta kitabu rafuni, na mwenzake akavuta cha kwake. Yule binti wa kidato cha nne akaanza kuwagawia: wewe soma hiki, wewe bado mdogo, chukua hiki. Mvua ikaanza.

Saa kumi na mbili kamili mkuu akaingia, nyuma yake vijana wawili wa stoo tayari kwa kubeba. Akasimama mlangoni. Chumba kimejaa, kimya, vikombe vikavu.

"Wanasubiri nini hawa?" akaninong'oneza.

"Wananisubiri nifuturu, mkuu."

Akatazama saa, akatazama meza. Akavuta gunia tupu alilokuja nalo kijana mmoja, akalitandika sakafuni, akakaa. Tukasubiri wote. Dakika arobaini ndefu kuliko mfungo wenyewe!

Adhana ikasikika kutoka mjini, kwa mbali, ndani ya mvua. Binti akainyooshea kidole chupa ya katikati. Nikamimina, nikasema bismillahi, nikanywa kikombe kizima bila kupumua, nikakigeuza juu chini waone. Kelele ile! Walipiga meza, walipiga miguu, mtu akapaza sauti, "Hajaanguka!" Nikaanza kuwamiminia mmoja mmoja, machozi yananitoka na sijali nani ananiona. Mkuu naye alinyoosha kikombe, na niliona wazi kwamba alikuwa amesubiri mpaka nimeze.

Chupa tatu ziliisha haraka sana. Mkuu akainua ya mwisho, akaitikisa, haikutoa hata tone. Akageuka akitegemea kuona wanafunzi wakitawanyika. Hakuna aliyekuwa amesimama. Walikuwa wamerudi kwenye kurasa zao, na mmoja akamwambia, kwa heshima zote, "Mkuu, samahani, unanizibia taa."

Mkuu akasogea pembeni. Akawaita wale vijana wa stoo, akawaambia taratibu, asiwasumbue wasomaji, "Mahindi yawekeni ofisini kwangu."