Kuku Aliyechechemea Miaka Yote

Siagi ya ng'ombe ikipashwa moto pamoja na vitunguu, mimi huacha kila kitu nilichoshika. Wajukuu wangu wanasema inanuka zizi. Wacha waseme. Kwetu Goma, miaka ile ya hamsini, siagi hiyo iliunga maharage, na siagi hiyohiyo, kutoka kibuyu kilekile, iliunga mguu wangu.

Nilikuwa mtoto wa umri wa kuanza shule. Tulikaa upande ambao leo unaitwa Mapendo, katika nyumba ya mbao aliyoijenga papa. Papa alikuwa seremala, wa kabila la Wanande, kutoka Butembo, na mikono yake ilikuwa na baraka: akiunga mbao mbili, ungepitisha ukucha usijue zilipokutana. Lakini ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa mkali. Siku moja aliwatukana wakwe zake, watu wa Rutshuru, mbele ya majirani. Mama alikunja vitenge vyake, akapanda lori, akaenda kwao.

Desturi ilikuwa wazi. Mwanamume aliyekosa hubeba pombe ya ndizi, huenda ukweni, huinamisha kichwa, ndipo mke hurudi. Papa akasema, "Alitoka na miguu yake, atarudia na miguu yake." Na mama, kule Rutshuru, akasema hakanyagi Goma bila kuombwa. Basi mimi nikabaki na maharage ya papa, yaliyochemshwa kwa maji na chumvi basi. Mungu anisamehe, yalikuwa mabaya! Kila jioni nilimlilia mama, na papa alijifanya hasikii, randa yake ikikwaruza ubao.

Kisha nikaanguka kutoka juu ya ukuta wetu wa mawe meusi ya volkano, mguu ukavunjika. Papa alituma habari Rutshuru kwa shangazi yake mama, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyejua kuunga mifupa kama yeye. Lori liliporudi aliteremka shangazi na kibuyu chake cha siagi, na nyuma yake, mama. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akabweka. Mama alinikumbatia, kisha akamgeukia papa pale mlangoni.

"Nimekuya juu ya mutoto," akasema. "Mutoto akipona, narudia kwetu."

Shangazi alinikanda kwa siagi ya moto, akaunyoosha mguu (maumivu yale msiniulize), akaufunga kwa vijiti na kamba za mgomba. Halafu akafanya kama waungaji wa kwao walivyofanya: akamkamata kuku wetu mwekundu, akamvunja mguu, akamfunga vijiti vilevile.

"Siku ile hii kuku itakanyaga muzuri," akatuambia, "mujue na mufupa wa mutoto umeungana."

Mnaona balaa lililonipata? Watoto wengine huomba wapone. Mimi, mkekani pale mlangoni, nilimwomba Mungu yule kuku abaki kilema. Mama alikuwa jikoni tena, anaunga maharage, nyumba nzima inanukia! Yeye na papa walisemeshana kupitia kwangu tu. "Ambia papa yako chakula kimeiva." "Ambia mama yako aksanti." Wote wawili wamekaa palepale, wanasikiana vizuri kabisa.

Vijiti vya kuku vilitolewa. Asubuhi moja kuku akamwona panzi, akamfukuza uani kote, miguu yote miwili. Mama alisimama na ungo mikononi, akitazama. Papa naye aliona, randa ikanyamaza. Mama aliweka ungo chini, akageuka kuelekea chumbani, kwenye vitenge vyake.

"Hii kuku," papa akasema, na safari hii hakunipitia mimi, "ingali inachechemea."

Kuku alikuwa ameshapanda juu ya ukuta.

"Lakini papa, iko inakimbia!" nikasema, mpumbavu mimi.

"Nyamaza," mama akaniambia. Alimtazama papa. Papa hakuinua macho kutoka kwenye ubao wake.

"Inachechemea, mama," akarudia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tuingojee."

Mama akaokota ungo. "Ni kweli," akasema. "Ingali."

Jumapili iliyofuata papa alipanda lori la Rutshuru na pombe ya ndizi magotini.

Mimi nilidhani wazazi wangu wameanza kupofuka, nikasikitika sana. Mpaka nilipoolewa, na mimi nikavunja na kuvunjwa kwa maneno, ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile mtu mwenye kiburi aliomba msamaha mbele yangu, na akasamehewa, nami nikawa naangalia kuku.

Kuku yule hakuchinjwa. Alikufa kwa uzee. Miaka mingi baadaye, papa ameshakuwa mzee asiyeona vizuri, harufu ya siagi na vitunguu ikimfikia kutoka jikoni, aliita, "Mama, ile kuku imepona?"

Na mama, bila kuacha kukoroga, alijibu, "Ingali inachechemea, papa. Ngojea kidogo."