Jogoo Niliyemnadi Nsambya

Heri ningekataa kile kipaza sauti. Katekista alinishikisha baada ya Misa ya pili, akasema, "Mzee, umeuza ndoo na mabeseni sokoni Kikuubo maisha yako yote. Leo tuuzie kuku." Watu wakacheka, na mimi nilipenda sana kuchekesha watu. Nikakubali.

Vijana wa parokia walikuwa wanajiandaa kwenda Namugongo kwa miguu, kuhiji walipouawa mashahidi wa Uganda. Walihitaji chakula, maji na turubai za kulalia huko. Kwetu Nsambya, hapa Kampala, pesa za namna hiyo hutafutwa kwa mnada uani mwa kanisa. Watu huleta walichonacho, mkungu wa matoke, fenesi, trei ya mayai, na wenzao hukinunua kwa bei ambayo sokoni ingekuwa wazimu. Mara nyingi mnunuzi hukirudisha mezani kiuzwe tena. Nimewahi kuona nanasi likipita mikononi mwa nusu ya kwaya na mwisho likaliwa na padri.

Siku ile nilikuwa na moto. Mama mmoja alitaja bei ndogo ya fenesi, nikamwambia, "Mama, hiyo ni bei ya kulinusa. Ya kulila je?"

"Naongeza basi, mchokozi wee!" akajibu, huku anafungua pochi.

Ndipo jirani yangu akaingia getini na jogoo kwapani. Alikuwa askari polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, Mwislamu. Mkewe alikuwa Mkatoliki, na binti yao alikuwa mmoja wa vijana wa safari. Nilipofika Kampala kutoka Kenya, kijana nisiye na mtu, ni yeye aliyenitandikia mkeka katika chumba chake cha kambi ya polisi. Tangu hapo jioni zetu zilikuwa za pamoja: chai ya tangawizi, redio yake, na ubishi wa mpira ambao mkewe aliuita Misa yetu ya jioni.

Hakuwahi kukanyaga ua wa kanisa. Siku ile alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Akanikabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Hii ni ya watoto," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wewe uza mzuri."

Jogoo mwenyewe alikuwa mkubwa, mwekundu, na kambi nzima ilimjua kwa kuwika. Ningesema hivyo tu, ingetosha. Lakini nilimwinua juu nikapaza sauti, "Huyu ameadhini kambini miaka yote! Leo kaja mwenyewe kuomba ubatizo! Nani atamsimamia?"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Mimi baba wa ubatizo!" akapiga kelele fundi cherehani mmoja.

"Maji kwanza, ssebo, bwana! Mmwagie maji!" akadakia mwingine.

Na mimi nikachukua chupa ya maji, nikamnyunyizia jogoo kichwani. Akauzwa, akarudishwa, akauzwa tena. Hakuna kilicholeta pesa kama yeye. Nikamtafuta jirani yangu kwa macho ili tucheke pamoja. Alikuwa amesimama wima kama yuko gwaride, anatazama mbele. Kisha akageuka akatoka.

Jioni nilimkuta mlangoni pake. Redio ilikuwa imezimwa.

"Afande, mbona uliondoka? Jogoo wako amewanunulia watoto turubai!"

"Watoto watalala mzuri. Hiyo nashukuru," akasema. Halafu akaniangalia. "Mimi nilileta jogoo. Wewe uliuza mimi."

Ningepaswa kuomba msamaha palepale. Badala yake nilimwambia ulikuwa utani, nikaendelea kumsimulia pesa zilivyopatikana.

Wiki hiyohiyo watoto wa kambini walianza kumwita Mbatizwa. Ijumaa, nje ya msikiti, mtu akamuuliza kwa kicheko jina lake jipya ni nani. Akaacha kukaa nje jioni. Nilijiambia yatapita, nikangoja yapite. Binti yake alitembea na wenzake, akarudi na miguu imevimba na uso umejaa furaha, akaniletea chupa ya maji ya baraka kutoka Namugongo. Sikujua niifanyie nini.

Baadaye familia ilihamia kwao kaskazini. Asubuhi ya kupakia mizigo nilijifanya nina shughuli Kikuubo. Shughuli haikuwepo. Nilikaa juu ya mabeseni yangu mpaka nikajua gari limeshaondoka.

Siku hizi mnada ukifika nakaa nyuma. Nanunua chochote, nakirudisha mezani, sisemi neno.

Binti yake ndiye aliyenipigia simu kunipa habari ya kifo. Baba alikuwa ameshazikwa. Nikamuuliza kama aliwahi kunitaja. Akasema, "Hapana, mzee."

Vijana walipata turubai zao. Mimi nilimpoteza rafiki wa pekee niliyekuwa naye katika mji huu, na alikufa sijamwomba msamaha.