Mama Mkwe na Mafuta Yangu ya Nazi

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi Ilala, miguu yake ilikuwa mikavu hadi visigino vimepasuka. Nikanunua nazi sita Kariakoo, nikazikuna, nikakamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Nikayatia kwenye chupa, nikampelekea sebuleni.

Hakuipokea. "Umeweka nini humu?"

"Nazi tupu, mama."

"Hata jirani yangu aliambiwa ni vitu vya asili. Uso ukambabuka."

Mwishowe aliichukua, akainusa, akaiinua dirishani, akauliza mbona mafuta yana unjano. Nikamwambia nilichelewa kuyaepua. Hakuridhika.

"Jipake wewe kwanza."

Nikajipaka mkono wa kushoto mbele yake mpaka kwenye kiwiko. Kwa siku tatu, kila asubuhi nilipomwamkia, aliitikia "marahaba" huku akiuvuta mkono ule na kuukagua. Niliumia. Nilijiuliza ananichukulia mtu wa namna gani, mimi niliyeolewa na mwanawe miaka tisa.

Siku ya nne alichelewa kutoka chumbani. Nilipompelekea chai nilimkuta kavua kilemba, nywele zake za mvi zimelowa mafuta, miguu inang'aa. Chupa ilikuwa karibu tupu.

"Hayatoshi haya," alisema bila kunitazama. "Kesho tunaenda wote sokoni. Nazi nitachagua mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na kuchemsha, nitasimama hapo hapo nikikuangalia."