Taka za Kuazima

Bi Mwanaharusi wa Palma, huku kwetu Msumbiji, hakuwa na jaa. Sisi majirani tulimwita bahili, mimi wa kwanza, na sioni sababu ya kuomba radhi. Maganda ya muhogo yalikwenda kwa mbuzi, miba ya samaki kwa paka, na chupa za plastiki alijazia mafuta ya nazi ya kuuza. Kanga ikichakaa ilikuwa nepi, halafu tambara la kuepulia sufuria. Ukimtembelea, ulishike gazeti lako vizuri, la sivyo atalifungia karanga.

Gesi ilipogunduliwa na mji kujaa wageni, mradi mmoja ulikuja kutufundisha usafi wa mazingira. Kila nyumba ilipewa ndoo tatu zenye vifuniko: ya plastiki, ya karatasi na ya mabaki ya chakula. Aliyeajiriwa kuzigawa alikuwa Tuaibo, mwana wa pekee wa Bi Mwanaharusi, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya mshahara. Mama alizitazama ndoo zinavyong'aa, akamshukuru Mungu. Moja akatia maji, moja mchele, moja unga.

Siku ya ukaguzi ilipokaribia, Tuaibo alikuja mbio.

"Mama, kesho Dona Deolinda, mkubwa wangu, anaanzia kwetu! Akikuta ndoo hazina taka, atasema hata mama yangu sikumfundisha. Kazi itaota mbawa!"

"Sasa taka nizitoe wapi, mwanangu?"

"Tafuta!"

Kwetu ukikosa kitu unaazima kwa jirani, iwe chumvi, moto au sinia. Basi akamwaga maji, akahamishia mchele na unga vyunguni, akazibeba ndoo hadi kwa Sumaia, aliyepangisha vyumba kwa wafanyakazi wa gesi.

"Niazime taka, mwanangu. Kesho nakurudishia."

Sumaia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamjazia.

Asubuhi Dona Deolinda alifunua ndoo, akatoa kopo la bia. Akatoa jingine. Na jingine. Majirani tuliojaa uani tulitazamana. Bi Mwanaharusi, asiyekosa swala hata moja!

"Za kuazima!" alipiga ukelele. "Wallahi, za kuazima! Mie sina taka, dona. Mwanangu kafundisha sana, kosa langu mie. Msimfukuze!"

Dona Deolinda alimtazama mbuzi, akamtazama paka, akazitazama chupa za mafuta. Akacheka.

"Tuaibo, kazi yako ipo. Lakini nyumba isiyo na lixo, isiyo na taka, ya nini ndoo? Mpelekee mwenye taka nyingi."

Nilimwonea huruma, bahili wangu yule. Alishukuru kwa ajili ya mwanawe, lakini macho yalibaki kwenye ndoo.

"Kumbe mwenye kutupa ndiye apewaye," alisema.

Ndoo zikarudi kwa Sumaia na taka zake ndani. Juu ya kifuniko Bi Mwanaharusi aliweka sahani ya muhogo wa kuchemsha, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Alasiri alikwenda tena kwa Sumaia, kuazima ndoo moja ya kutekea maji. Sumaia akamwaga taka chini, akampa.